The Roots wakitoa albamu msituwekee tena mstari mmoja na nusu

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wote wa ukurasa wa burudani, ukurasa ambao mi ndo naanza nao kabla hata sijagusa habari za siasa (najua hampendi kusikia hivyo ila ndo ukweli wenyewe). Naandika kwa ajili ya kile kipande chenu cha albamu zinazosubiriwa. Madogo wamejaa tele, mapicha makubwa, kila mmoja na aya yake, halafu chini kabisa pale kwenye kona mmeweka mstari mmoja na nusu kwamba The Roots, ile bendi ya hip-hop ya kipindi cha TV cha Jimmy Fallon kule Marekani, nao wana albamu njiani. Basi, imeisha hiyo. Mtu asiyewajua akisoma anadhani ni wapigaji wa kukodi, wale wa kujaza ukimya mgeni anapoingia stejini.

Sasa tuelewane. Hawa jamaa wameanza 1987 huko Philadelphia, wakiwa wanafunzi kwenye sekondari ya sanaa, Tariq Trotter ambaye ndo Black Thought na Ahmir Thompson ambaye ndo Questlove, mmoja anachana mwingine anapiga dramu, na walipokosa ukumbi wakawa wanapiga barabarani tu pale South Street watu wanapita. Kipindi hicho hip-hop ilikuwa mashine, unachukua kipande cha santuri ya zamani unakizungusha, juu yake mtu anashusha mistari, na hakuna ubaya wowote hapo maana ngoma kali kibao zimetoka kwa njia hiyo. Wao wakaja na dramu la kweli, gitaa la besi, kibodi, na baadaye kidogo Rahzel anayepiga biti kwa mdomo mpaka unatafuta spika iko wapi. Organix ya 1993 waliitoa wenyewe. 1995 ikaja Do You Want More?!!!??! na hizo alama zote za kuuliza na kushangaa ni sehemu ya jina, msije mkazifuta mkidhani ni makosa ya chapa.

Mi nilikutana nao kwenye Things Fall Apart, ya 1999, kwa kaseti iliyorekodiwa juu ya kaseti nyingine, ukisikiliza vizuri kati ya wimbo na wimbo unasikia mahubiri ya mtu kwa mbali. Nikaliona jina nikasema hili nalijua. Si ndo kile kitabu cha Chinua Achebe ambacho sie wengine tulikisoma kwa Kiswahili kama Shujaa Okonkwo? Ndo chenyewe, wamelichukua kule. Rapa wa Philadelphia kalichukua jina la riwaya ya Mnaijeria kalibandika kwenye albamu, na kaseti yenyewe ina mtu anahubiri chini yake, mi nikaona huu muziki umenifuata mpaka nyumbani. (Kaseti aliiazima mtu, hajairudisha mpaka leo, tunasalimiana vizuri tu lakini sijasahau.)

Humo ndani ndo kuna You Got Me, ule wimbo wa mapenzi wenye kiitikio cha mwimbaji Erykah Badu, ambao 2000 uliwapa Grammy. Wengi hawajui kiitikio kile alikiandika Jill Scott, naye mtoto wa Philadelphia, kipindi hicho hajulikani kabisa, na ndo alikirekodi mwanzo, ila lebo ikataka jina kubwa akaingia Badu. Halafu mwishoni mwa wimbo, sikilizeni dramu linavyobadilika, Questlove anaacha ule mwendo wa taratibu anaanza kukimbia kama mtu kafukuzwa na mbwa, na wimbo unaishia huko huko kwenye mbio. Mashine ingeweza hivyo? Labda. Lakini isingewaza.

Na hapa ndo penye hoja yangu yote Mhariri, naomba unisikilize kidogo. Huyu Questlove ana namna ya kupiga inayoburuta, yaani pigo linafika limechelewa kiduchu, si kwamba amekosea, amefanya makusudi. Mwenyewe amesema mara nyingi kwamba alijifunza kwa J Dilla, yule prodyuza wa Detroit aliyefariki 2006, ambaye alikuwa anatengeneza biti kwenye mashine halafu hailazimishi ikae sawa sawa kwenye mstari. Mwanzoni Questlove aliona kama ulevi hivi. Baadaye akatumia muda mwingi kusahaulisha mikono yake ule usahihi aliojifunza toka mtoto, ili apige kama Dilla. Fikiria mzunguko wake, mashine inaigiza mwanadamu mlevi, halafu mwanadamu mzima anakaa anaigiza mashine. Uchezaji huo ndo uko kwenye Voodoo, albamu ya mwimbaji D'Angelo ya 2000, na ndo umesambaa kwa wapiga dramu kibao mpaka leo, hao madogo mliowapa mapicha makubwa nusu yao wanaimba juu ya mwendo huo na hawajui ulitoka wapi. Siwalaumu. Nawalaumu nyie mnaopaswa kuwaambia.

Sasa albamu. Ya mwisho ya kwao wenyewe ni ...And Then You Shoot Your Cousin, 2014. Toka hapo ni kusubiri. Kila baada ya muda mmoja wao anahojiwa anasema inakuja, tuna nyimbo kibao, tunachagua, na sie mashabiki tunajipanga upya kama abiria walioambiwa gari linafika saa hii hii. Kuna siku nawaza tusije tukaishia kama wale waliomsubiri prodyuza Dr. Dre na albamu yake ya Detox, miaka na miaka, halafu 2015 akasema mwenyewe kaitupa haikuwa nzuri. Lakini mi nina imani na hawa, na sababu yangu ni hiyo hiyo kazi ya TV mnayoiandika kwa dharau.

Wameingia kwa Fallon Machi 2009. Wengi tulinuna, mi mwenyewe nilinuna, nikasema basi washakuwa waajiriwa, wanaingia saa fulani wanatoka saa fulani. Kumbe bendi inayopiga pamoja karibu kila siku ya kazi inakuwa mnyama mwingine kabisa. Leo wanampigia mwanamuziki wa kantri, kesho wa roki, keshokutwa wako na staa mkubwa kwenye chumba kidogo wanapiga vyombo vya kuchezea vya watoto wa shule na bado swing, ule mwendo wa kuyumbayumba, ipo. Matokeo yake yalionekana mapema tu, How I Got Over ya 2010, kwangu mi ndo bora yao ya pili, nyepesi kuisikiliza lakini chini kuna huzuni nzito. Mwaka uliofuata wakatoa undun, kisa cha kijana anaitwa Redford Stephens kinachosimuliwa kinyumenyume, kinaanza amekufa kinarudi mpaka tunajua alifikaje hapo, na kinaishia kwenye muziki mtupu wa vinanda na fidla bila neno hata moja. Waliofanya hivyo ni watu ambao usiku huo huo walitakiwa kuwa kwenye TV wakicheka. Ile ya 2014 nikubali ilinishinda, fupi, nusu saa na ushee, ngumu kama mkate wa juzi, miaka miwili nzima naisikiliza natafuta pa kushika. Sa hivi naielewa kidogo. Siipendi, naielewa.

Mdogo wangu ananiambia kaka hao wazee washavuka hamsini, hip-hop ni ya vijana, waache. Nikamwambia kaa hapa. Nikamfungulia Black Thought alivyoenda kwa DJ Funkmaster Flex pale Hot 97, redio ya New York, mwezi Desemba 2017, dakika kama kumi anachana mfululizo, hakuna kiitikio, hakuna kupumzika, uso hauna hata wasiwasi, miwani mieusi kama mtu anayesubiri kinyozi. Dogo kimya. Halafu nikamwekea Cheat Codes, albamu aliyofanya na prodyuza Danger Mouse 2022, akauliza hii ni ya mwaka gani, nikamwambia, akasema sawa kaka lakini hana ngoma ya kuchezea. Hapo sina ubishi kwa kweli hana, na wala hajawahi kuitafuta. Kuna watu sauti inachoka, wengine wanaishiwa cha kusema, huyu kila mwaka anazidi kuwa na cha kusema na pumzi ya kukisemea.

Kinachonifanya niisubiri hii kuliko zote zilizopita ni kwamba wametoka kwenye misiba. Malik B, yule mchanaji wa pili wa albamu za mwanzo, sauti nzito ya kona, alifariki 2020. Alikuwa kashatoka kwenye kundi siku nyingi, mambo yalimzidi, na kwenye Phrenology ya 2002 Black Thought alimwandikia wimbo mzima unaitwa Water, anaongea naye kama ndugu anayemwona ndugu yake anazama, na hajifanyi mtakatifu. Baadaye Malik akarudi rudi kama mgeni kwenye Game Theory ya 2006. Halafu 2021 akaondoka Hub, Leonard Hubbard, mpiga besi wao wa miaka mingi, yule anayesimama pembeni na kijiti cha kutafuna mdomoni, mswaki kabisa kama mzee anatoka kuswali alfajiri. Na meneja wao Rich Nichols, ambaye wengi walimhesabu kama mwanakundi, alifariki 2014 mwaka ule ule wa albamu ya mwisho. Kwa hiyo kila anayesema wanachelewa kwa uvivu ahesabu kwanza viti vilivyobaki wazi pale mazoezini.

A Tribe Called Quest, kundi la hip-hop la New York, walipitia hapo hapo. Walikaa toka 1998 bila albamu, wakarudi kurekodi, katikati ya kazi mchanaji wao Phife Dawg akafariki Machi 2016, na Novemba albamu ikatoka ikaenda moja kwa moja namba moja Marekani, unamsikia marehemu anarusha mistari na wenzake wanamjibu kama yupo chumbani. Sitaki The Roots waigize hicho. Ila nataka nisikie huo uzito, nataka kuwe na mahali besi inanyamaza na sote tunajua kwa nini.

Na kama maombi ya shabiki yanafika huko, basi wasilete msururu wa wageni. Wageni wawili watatu wanatosha, wasiwe na nyimbo ishirini, kumi tu, na mtu asiwashauri waweke zile kelele za dramu ya kompyuta zinazofanana kote kote ili eti vijana waingie. Vijana wataingia kwa mlango uleule nilioingilia mi, bahati mbaya tu, kwa kaseti ya mtu.

Kwenu nyie gazeti ombi langu ni dogo. Siku albamu ikitoka tafuteni mtu aisikilize kuanzia mwanzo mpaka mwisho kabla hajaandika, walau mara tatu, na msiweke ile picha ya Questlove na chanuo kichwani halafu maelezo yote yawe kuhusu chanuo. Nafasi mtapata mkitaka, mbona ile habari ya msanii kununua gari ilikula nusu ukurasa.

Jambo la mwisho nimalizie maana naona nimerefusha. Zile albamu zao za mwanzo namba za nyimbo hazikuwa zinarudi kwenye moja, walikuwa wanaendeleza hesabu toka albamu iliyopita, ndo maana Things Fall Apart inaanzia wimbo wa 54. Kama vile yote ni kitabu kimoja na kila albamu ni sura. Mi siku nikiipata hii mpya, kabla sijabonyeza chochote, nitaangalia wimbo wa kwanza umepewa namba gani, na nikikuta imeandikwa moja nitanuna tena kama nilivyonuna 2009, halafu nitasikiliza hivyo hivyo.

Ni mimi msomaji wenu wa ukurasa wa burudani