Asidi ya tumbo inanila meno: niyafunike sasa au nisubiri?

Daktari, habari za kazi.

Naomba ushauri kuhusu meno yangu ya mbele ya juu. Ukiyatazama kwa nje ni mazima, hayana tundu wala weusi. Shida iko nyuma, upande unaoguswa na ulimi: yamebonyea, yamekuwa laini kama sabuni iliyotumika, na unjano wa dentini, tabaka la ndani la jino, umeanza kujitokeza. Ncha zimekonda hadi zinapitisha mwanga. Nikinywa maji baridi, ganzi inapanda mpaka kichwani.

Daktari wa meno alianza kwa kuniuliza kuhusu ndimu na soda, ambavyo hata sivipendi. Alipoona zaidi upande wa ndani akauliza kama nina kiungulia. Ninacho, tena cha muda mrefu, na hunizidi usiku nikishalala. Akanieleza kwamba enameli, tabaka gumu la nje ya jino, huanza kuyeyuka pH ya kinywa (kipimo cha asidi: kikishuka, asidi imezidi) ikishuka chini ya 5.5 hivi, na asidi ya tumbo iko chini zaidi ya hapo. Usingizini mate hupungua sana, kwa hiyo asidi ikifika mdomoni inakaa. Bakteria wanaogeuza sukari kuwa asidi hawahusiki hapa. Ndiyo maana kupunguza sukari peke yake hakungeniokoa.

Sasa niko njia panda. Yeye anataka kuyafunika meno haya kwa kompoziti, kijazio cha rangi ya jino, mapema, kabla hayajaanza kumeguka. Daktari anayenitibu tumbo anasema nitulize kiungulia kwanza, na dawa nimeanza juzijuzi tu. Wote wawili nawaelewa. Enameli ikishaondoka haioti tena, kwa hiyo kila usiku ninaosubiri ni hasara isiyorudi. Lakini nikiyafunika huku asidi bado inapanda, si italila jino pembezoni mwa kompoziti, kazi yote irudiwe? Moyo wangu unaegemea kusubiri kidogo, ila naogopa kuchelewa. Je, kuna dalili za kuniambia kwamba muda wa kusubiri umekwisha?

Jambo jingine ni asubuhi. Naamka na uchachu mdomoni, na hamu ya kwanza ni kupiga mswaki. Nimeambiwa nisifanye hivyo, kwa kuwa enameli iliyolainishwa na asidi husuguliwa kirahisi. Nisukutue kwanza kwa maji yenye bikaboneti ya soda, nisubiri kama saa moja, ndipo nipige mswaki laini kwa dawa yenye floraidi. Nafuata. Lakini siku za kuwahi kazini saa hiyo haipatikani. Nikisukutua tu na mswaki nikauacha hadi usiku, nitakuwa nimeyalinda meno au nimeyatelekeza?

Mwisho, nimeshauriwa kuvaa kinga ya meno ya plastiki usiku kwa sababu nasaga meno usingizini. Nahofia asidi itajifungia humo ndani na kushinda ikiyaroweka. Hofu hiyo ina msingi? Kama ina msingi, kuna cha kupaka ndani ya kinga hiyo kabla ya kulala?

Msomaji wako