Mtoto wa mvuvi kafunga meli kwa minyororo!

Oya Deo,

Mambo vipi kaka, mzee mpe shikamoo yangu. Najua nimekaa kimya toka Nanenane, usinune, simu ilitumbukia kwenye ndoo ya kufulia. Ila jana nimekukumbuka sana maana tumepelekwa Ziwa Poyang, huku Nanchang, China, ninaposoma, na baridi hii maji yamekauka mpaka unatembea kwenye majani pale ambapo kipindi cha joto ni ziwa tupu.

Basi hapo ndo mwaka 1363 Zhu Yuanzhang na Chen Youliang walimalizana, utawala wa Wamongolia ushalegea na kila mbabe anataka kiti. Chen kaja na meli za ghorofa tatu, nyekundu, mwenzie ana vyombo vidogo vidogo. Eti watu laki sita, hiyo namba mi siimezi. Halafu jamaa akazifunga meli kwa minyororo! Deo, Chen ni mtoto wa mvuvi kama wewe! Zhu ndo alikuwa yatima wa mkulima, akawa mtawa wa kuombaomba chakula, sasa hapo nani alipaswa kulijua ziwa?

Upepo wa kaskazini mashariki ukaanza kuvuma, Zhu akajaza boti majani makavu na baruti, juu kasimamisha masanamu ya nyasi yamevalishwa deraya yaonekane askari, akaziwasha moto akaziachia ziende kwenye meli za Chen. Utakimbilia wapi na umefungwa na mwenzio?

Na kabla ya hapo Chen kapoteza siku 85 kuuzingira mji huuhuu wa Nanchang bila kuuteka, wakati jeshi la Zhu liko mbali huko Luzhou na njia ya Nanjing, makao makuu ya Zhu, iko wazi. Zhang Shicheng, mbabe mwingine aliyekuwa hasimu wa Zhu, naye kule Suzhou katulia tu kama jirani anayesikiliza ugomvi wa mke na mume. Mwishoni Chen anajaribu kutoka ziwani aingie mto Yangtze, mshale huo, kichwani. Mwaka 1368 Zhu akawa mfalme, akaanzisha utawala wa Ming.

Lakini ile minyororo kaka, usiku sijalala. Hebu muulize mzee, kuna siku mmewahi kufunga mitumbwi ya dagaa pamoja? Upepo ukigeuka ghafla mnakata kamba au? Au Chen aliogopa wenzie watakimbia? Injini mmepata? Neema kajifungua? Na ile elfu hamsini yangu, Deo?

Wako,
Shaba