Barua kwa Mwalimu Zaitun: maswali manane yatosha

Busia, Jumapili jioni

Dada Zaitun,

Salamu nyingi kutoka huku mpakani. Barua yako imefika, na ile karatasi ya maswali thelathini ya aljebra uliyowapa watoto wa S.2, yaani mwaka wa pili wa sekondari, nimeipitia mwanzo hadi mwisho. Pole kwa kusahihisha. Watoto 80 mara maswali 30 ni majibu 2,400. Hata ukitumia sekunde 20 kwa kila jibu, unapita saa 13. Nani ana saa hizo? Ndiyo maana kalamu nyekundu inabaki kupiga tiki na makosa haraka haraka, na mtoto anarudishiwa daftari bila kujua ameteleza kwenye mstari gani.

Yapunguze yawe manane. Ila uyachague kwa jicho kali, maana kasoro ya karatasi yako haiko kwenye wingi tu. Chukua swali lako la kwanza, 2x = 4. Anayejua atagawanya kwa 2 na kupata 2. Asiyejua atatoa 2 kutoka 4, naye atapata 2. Wote wawili umewapa tiki! Andika 3x = 12 na mambo yatajitenga yenyewe: anayegawanya anapata 4, anayetoa anapata 9, na yule aliyekariri kwamba "namba ikivuka inageuza alama" atagawanya kwa hasi 3 apate hasi 4. Swali moja, majibu matatu, na kila jibu linakuambia mtoto alikuwa anawaza nini.

Hicho ndicho kipimo cha swali zuri. Kabla hujaliandika ubaoni, lifanye mwenyewe kwa njia sahihi, kisha lifanye kwa makosa mawili unayoyajua. Majibu yakifanana, badilisha namba.

Swali lako la kumi na nne ndilo lililonishtua: 7 − 2(x − 3) = 5. Jibu sahihi ni 4. Lakini kuna kosa kongwe sana, la mtoto kutoa 2 kutoka 7 kwanza kabla ya kugusa mabano. Anabaki na 5(x − 3) = 5, yaani x − 3 = 1, na x ni 4. Kosa kubwa, jibu sahihi. Badilisha ile 5 ya kulia tu, iwe 3. Sasa anayefungua mabano vizuri anapata 7 − 2x + 6 = 3, na x = 5. Aliyetoa 2 kutoka 7 anapata 3.6. Aliyesahau kwamba hasi 2 mara hasi 3 ni chanya 6 anaandika 7 − 2x − 6 = 3, na anaishia kwenye hasi 1. Ukiona hasi 1 kwenye daftari huna haja ya kusoma hatua zake, unajua tayari.

Kwa hesabu za sehemu, tumia x/2 + x/3 = 10. Sahihi ni 12: unazidisha kila kitu kwa 6, unapata 3x + 2x = 60. Ukiona 2, mtoto alizidisha upande wa kushoto akasahau wa kulia. Ukiona 25, alijumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, akapata 2x/5. Huyo wa 25 hana tatizo la aljebra hata kidogo. Tatizo lake ni sehemu za shule ya msingi, na ukimrundikia milinganyo zaidi unamchosha bure. Mrudishe kwenye 1/2 + 1/3 kwanza.

Umeuliza la kufanya na wanaoandika 3x + 2 = 5x. Hao wanataka jibu lisilo na alama ya kujumlisha katikati, kwa sababu tangu P.1, darasa la kwanza la msingi, alama ya sawa imekuwa ikiwaambia "sasa toa jibu". Wape 8 + 4 = __ + 5 uone wangapi watajaza 12. Usiwahubirie kanuni, waambie waweke namba mahali pa x. Hapa uwe macho: wengi wataanza na 1, na kwa 1 pande zote mbili zinatoa 5, kwa hiyo watakuambia "si umeona, mwalimu?" Taja 10 wewe mwenyewe. Upande mmoja 32, mwingine 50, na ubishi umekwisha. Na tafadhali acha kuwaambia kwamba 3m ni maembe matatu. Herufi inasimama badala ya namba, haisimami badala ya embe. Mtoto aliyezoea maembe akiambiwa wanafunzi ni mara 40 ya walimu ataandika 40w = m, akisoma "wanafunzi arobaini kwa mwalimu mmoja", wakati inatakiwa w = 40m, ambapo w ni idadi ya wanafunzi na m ni idadi ya walimu.

Ile kanuni ya kuvuka na kugeuza alama nakuomba uiweke kando muhula mzima. Neno aljebra lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, al-jabr, alilolitumia Al-Khwarizmi kule Baghdad katika karne ya 9, nalo linahusu kurejesha kilichopungua: palipotolewa 3, unarudisha 3, na upande wa pili nao unaupa 3. Hakuna kinachovuka. Waandike hatua hiyo pande zote mbili, hata ikiwachosha. Watakaoizoea wataifupisha wenyewe.

Sasa mpangilio wa hayo manane. Mawili yawe ya somo la siku hiyo. La kwanza kati ya hayo lifanye wewe ubaoni hatua kwa hatua, uliache pale bila kufuta, kisha la pili wafanye wao wakilitazama. Mawili yatoke wiki iliyopita, moja litoke muhula uliopita. Moja uwape likiwa limeshafanywa na limekosewa, watafute mstari ulioharibika; hili hulipenda sana, kwa sababu safari hii anayesahihishwa ni mtu mwingine. La nane watunge wao.

La saba liwe la maneno, na hapa usibane mkono. Kwa mtaala mpya wa sekondari wa Uganda, ulioanzia S.1 mwaka 2020, mtoto anapewa tukio la maisha, mlinganyo anauunda mwenyewe. Anayejua kutatua tu lakini hajui kuunda atakwama mlangoni. Mfano: dereva wa boda anatoza shilingi 1,000 za kupanda na 500 kwa kila kilomita. Abiria amelipa 4,500. Amekwenda kilomita ngapi? Mlinganyo ni 1,000 + 500k = 4,500, na k ni 7. Mtego uko wazi: atakayejumlisha 1,000 na 500 atapata 1,500k = 4,500, na k = 3, namba nzima nzuri inayomridhisha kabisa. Mwambie ahesabu nauli ya kilomita 3 kama vile yuko stejini: elfu moja, na mia tano mara tatu. Anapata 2,500. Hapo atajikuna kichwa mwenyewe. Na kabla ya kuandika herufi yoyote, wachore jedwali la kilomita 1, 2, 3 na 4 pamoja na nauli zake. Mlinganyo utatoka kwenye jedwali wenyewe.

Yote yafanyike darasani. Kazi ya nyumbani inanakiliwa asubuhi kabla ya kengele, na wengine jioni wako sokoni au kwenye foleni ya maji. Kipindi ni dakika 40. Kwa somo na mfano tumia 15, kwa mazoezi 20, zinazobaki za kubadilishana madaftari. Wanaokaa dawati moja wape namba tofauti: mmoja 7 − 2(x − 3) = 3, jirani yake 9 − 2(x − 4) = 5. Huyo wa pili akiwa sahihi anapata 6, na akikosea alama anapata hasi 2.

Wewe sahihisha mawili tu kwa kila mtoto, la mabano na la maneno. Ni majibu 160, chini ya saa moja. Usiweke kosa kubwa jekundu. Pigia mstari hatua ya kwanza iliyoharibika na umwachie nafasi ya kurudia chini yake. Nyuma ya daftari lako chora safu moja kwa kila jibu, uweke vijiti. Theluthi ya darasa ikiangukia kosa moja, yaani watoto 27 hivi, fundisha upya kesho yake. Wakiwa sita, kaa nao wakati wa mapumziko na usilisumbue darasa zima.

Swali lilelile kwa namba nyingine lirudi baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki mbili. Watakuwa wamesahau kidogo, usikasirike. Kukumbuka kwa shida ndiko kunakoganda.

Kesho anza na hilo la 7 − 2(x − 3) = 3 peke yake, dakika tano, karatasi zisizo na majina. Kisha niandikie: wangapi 5, wangapi hasi 1, wangapi 3.6. Na kama kuna jibu la nne ambalo sikulitaja, nitumie karatasi yake.

Wasalimie watoto na Mzee.

Ndugu yako,
Hamisi