Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayetaka nimtambulishe tena

Mdogo wangu,

Ujumbe wako nimeupata. Likizo imekaribia, unasafiri tena, na unataka niwaandikie wenye dojo ya huko, ukumbi wao wa karate, kwamba wewe ni mtu wangu. Umeandika kana kwamba yale ya darasa la Naha, kule Okinawa, Japani, hayakutokea. Nakujibu hapa hadharani kwa kuwa simu yangu huipokei ukishahisi nina la kukuambia.

Barua ya kwanza iandike mwenyewe, wiki tatu au nne kabla ya safari. Iwe fupi: mtindo wako, daraja lako, nani anakufundisha na kama amekuruhusu, utakuwepo tarehe zipi, na swali moja tu, kama wanapokea wageni. Usiombe kupandishwa mkanda. Usiwachagulie kata, ule mfululizo wa miondoko, ya kukufundisha. Wasipojibu, andika mara ya pili kisha nyamaza. Ukiwatokea mlangoni na begi bila taarifa, umemlazimisha sensei, mwalimu wao, achague kati ya ukarimu na darasa lake.

Beba gi, yaani sare za karate, mbili nyeupe zisizo na nembo kubwa. Ile yako ya kitambaa kizito cha aunsi 12 naipenda inavyolia kwenye ngumi, lakini kwenye joto la unyevu kama la Okinawa haikauki kwa usiku mmoja. Ya aunsi 8 ina nafuu. Mkanda kaa nao kwenye begi la mkononi, na uongeze mweupe. Kama mtindo wao si wako, uliza uvae upi. Huenda wakasema vaa wako, ila lazima uulize. Kinga ya meno, ya kinena, glovu. Kucha kata, za miguuni pia. Na soma bima ya safari mpaka chini, maana zipo zisizolipa majeraha ya michezo ya mapigano.

Fika dakika 20 mapema. Viatu vigeuze vitazame mlangoni. Mkijipanga, nenda mwisho kabisa wa mstari. Wakitaka usogee juu watakuita. Kuketi seiza, yaani kwa magoti, goti la kushoto linatangulia. Kuinuka, mguu wa kulia. Kama kuna ada, noti ziwe safi, ndani ya bahasha, uitoe kwa mikono miwili.

Haya yote ulifanya vizuri Naha, na mimi nyuma yako nilijisikia fahari. Ndiyo maana bado inaniuma.

Sensei alitaja kata ya Pinan Shodan, Pinan ya kwanza. Ukumbi mzima ukageukia kushoto katika nekoashi, msimamo wa paka, mikono yote miwili juu. Wewe ukashuka peke yako na gedan-barai, kinga ya chini. Hilo halikuwa tatizo. Mwalimu Itosu Anko alizileta zile Pinan tano kwa ajili ya shule za Okinawa mwanzoni mwa karne ya 20. Funakoshi Gichin, mwanzilishi wa mtindo wetu wa Shotokan, akaja kuziita Heian na kuzibadilishia nafasi mbili za kwanza. Shodan yetu sisi wa Shotokan ndiyo Nidan yao, yaani ya pili. Mgeni wa Shotokan hujikwaa papo hapo, wenyeji wanalijua, wanatabasamu na darasa linaendelea.

Lakini wewe ulitoka kwenye mstari. Ukamwendea yule mzee ambaye mkanda wake mweusi umechakaa mpaka nyuzi nyeupe zimetokeza, ukamshika kiwiko, ukamwambia hii ni Nidan. Alipopiga mae-geri, teke la mbele, ukamzuia, ukamwonyesha yoko-geri yetu, teke la pembeni. Mara mbili! Akainama, akashukuru, akarudia mae-geri yake vilevile. Wewe ukadhani hajaelewa, ukainua mguu kumwonyesha tena, mpaka sensei akasimamisha darasa.

Shangazi anasema nilikufanyia ukali kutokula nawe usiku ule. Shangazi hakuwepo. Jina kwenye utambulisho lilikuwa langu, na mgeni akivunja adabu anayeulizwa ni aliyemleta. Ningecheka nawe mezani, wenyeji wangejua nimekubaliana nawe. Kwa hiyo sikuja mezani, na hata leo ningefanya hivyo hivyo. Mateke yako yananishinda, hilo nalisema mbele ya watu. Hukuwa umealikwa kufundisha.

Huko uendako kukiwa na kumite, yaani kupigana, basi uliza kanuni kabla hujafunga glovu. Ukiingia dojo ya mtindo wa Kyokushin, ngumi ya uso hairuhusiwi ila teke la kichwa linaruhusiwa, na kifuani wanapiga kwa nguvu zote. Wewe umezoea kugusa na kurudi nyuma ukisubiri pointi. Mguu wako wa mbele utaliwa na mateke ya paja kabla hujajua mchezo umeanza. Ukiona unazidiwa, sema wapunguze. Hakuna atakayekucheka.

Makiwara, ule ubao wa kupigia ngumi, usiiguse mpaka uambiwe. Ukiambiwa, anza na ngumi 10 nyepesi kila mkono, kifundo kimenyooka, konzi za kidole cha shahada na cha kati zikitangulia. Anayeanza kwa nguvu hupinda kifundo au huchubuka, na damu yako ni juu yako kuifuta. Mwisho wa darasa wakitoa vitambaa vya kufutia sakafu, chukua chako. Usingoje kuambiwa wewe ni mgeni, kaa.

Utambulisho nitakuandikia, sentensi mbili, ukishanitumia nakala ya barua yako na jibu lao. Daraja lako sitalitaja. Na ukiona kata yao ina kitu tofauti na yetu, ifuate kama wanavyoifanya. La kubishana nitafutie mimi ukirudi, simu yangu ipo wazi.

Ni mimi dada yako.