Kulenga shabaha ni mchezo

Mhariri,

Nikitaja hapa Wete kwamba nilikuwa nikishindana kulenga shabaha kwa bastola nilipofanya kazi Afrika Kusini, watu hunitazama kama jambazi. Inaniuma. Mchezo huu wa kulenga huku ukikimbia, ulioundiwa shirikisho lake la kimataifa (IPSC) mwaka 1976 huko Marekani, una nidhamu kali kuliko yote niliyowahi kucheza. Unakimbia, unalenga, kisha alama zako hugawanywa kwa sekunde ulizotumia. Lakini mdomo wa bastola ukipita nyuzi 90 kutoka upande wa shabaha, hata kama risasi haikutoka, unatolewa papo hapo. Nami yalinikuta, nililia. Tangu siku ile kidole changu hakikugusa tena kifyatulio kabla ya jicho kuiona shabaha.

Wakuu wa michezo Zanzibar, tufikirieni, japo tuanze na bunduki za upepo chini ya macho ya polisi.

Mpenda shabaha,
Wete, Pemba