Usinijibu "chochote", mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Salaam sana. Mimi huku Tanga sijambo, ni magoti tu yanayolalamika nikipanda ngazi. Nimefurahi kusikia arobaini imepita salama na mjukuu wangu ananyonya vizuri.

Nimeshika kalamu kwa sababu kwenye simu hatuongei. Tukianza tu, mtoto analia, au mumeo anaingia, au ofisini wanakutafuta na wewe uko likizo ya uzazi. Halafu kuna lile ulilolisema juzi kabla ya kukata, ukacheka ili nisilitilie maanani: "Mama, siku hizi mimi ni ziwa la mtoto na saini ya ofisini, basi." Na mimi nilicheka. Lakini maneno yenyewe yamenikaa.

Usiku ule nilizikumbuka picha zako za WhatsApp. Ya sasa ni sura ya mtoto. Kabla yake ilikuwa ya harusi, na kabla ya harusi ile ya joho, siku ya mahafali pale Mlimani. Zote nazipenda, ya joho nimeisafisha iko ukutani. Ila kila moja inaeleza wewe ni nani kwa mwingine: mama wa huyu, mke wa yule, msomi wa chuo kile. Picha yako umekaa tu, hujabeba kitu, hujavaa kitu cha shughuli, sikumbuki kama ninayo.

Sikuandikii ili uiasi nyumba yako. Mtaani mimi ni Mama yako wewe, wananiita kwa jina lako tangu ulipozaliwa. Wodini nilikuwa Sista. Ukweni mpaka leo mimi ni mke wa Mwalimu. Majina hayo nimeyafanyia kazi na nimeyapenda. Mtu akija kunigongea usiku wa manane, "Sista, mke wangu ameshikwa na uchungu," sikuwahi kuona kwamba nimeitwa jina dogo. Ninalotaka kukuambia nililifahamu majina yote hayo yalipotulia kwa wakati mmoja, nikiwa edani.

Baba yako alipofariki nilikaa eda kama inavyotakiwa, miezi minne na siku kumi. Hina hakuna, wanja hakuna, manukato hakuna, kutoka hakuna. Nilikuwa nimeshastaafu, kwa hiyo hata wodi haikunihitaji. Mwanzoni watu walijaa, baadaye wakapungua, ndiyo ada ya msiba. Nikabaki na binti wa jirani aliyekuwa akinisaidia kazi. Asubuhi moja akaja na kikapu, akaniuliza, "Bibi, leo nikapike nini?" Nikamwambia chochote. Kesho yake hivyohivyo. Mwisho akanikalia kitako: "Bibi, chochote hakiuzwi sokoni. Wewe unapenda nini?"

Nilinyamaza. Baba yako alipenda nini nilijua mpaka kiasi cha chumvi. Wewe najua huli bamia ila zikikaangwa kavu. Miaka ile ya kazi ningekutajia mgonjwa gani ana sukari bila kufungua faili. Kuhusu mimi mwenyewe sikuwa na jibu la kumpa mtoto aliyeshika kikapu.

Unamjua baba yako, mtu wa Kigoma, nazi ilimsumbua tumbo. Basi mimi, mzaliwa wa Tanga, niliyekua na minazi uani, nilipika ndoa nzima bila tui. Hakunikataza, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa amri. Niliacha tu, maana sufuria mbili ni kazi na mkaa ni ghali. Nikamwambia yule binti: nenda kaninunulie pweza, tumpike kwa nazi, tui zito, ndimu usisahau. Moyoni nikasema, leo narudi kwangu. Alikuna nazi akiwa amekaa juu ya mbuzi pale kwenye mlango wa uani, akakamua tui la kwanza akaliweka kando, akaanza na la pili, pweza akaiva mpaka akalainika, harufu ikajaa nyumba nzima. Nikapakuliwa. Nikala vijiko vichache.

Mwanangu, mchuzi ule sikuupenda. Ulinikinaisha. Nikausukuma mbele, yule binti akaumaliza kwa furaha.

Hapo ndipo tunapoachana na hizo semina za wanawake mnazokwenda, zile za ukumbi wa hoteli na fulana za rangi moja, mnapoambiwa mjitafute, mmrudie yule wa zamani kabla ya ndoa na watoto. Mimi nilikwenda kumtafuta na sikumkuta. Msichana aliyekuwa akilamba mwiko jikoni kwa bibi yake ameshaondoka, na hakuna ubaya. Ulimi umezoea chakula kisicho na nazi, na ulimi huo sasa ni wangu, si wa baba yako. Ndoa ilinigeuza, wodi ilinigeuza, na wewe ulinigeuza kuliko vyote. Aliyetokea baada ya kugeuzwa huko ndiye mimi. Shida ni kwamba nilikuwa sijapata kukaa naye tukazungumza.

Na nani angenifundisha? Somo wangu alinifunda kabla ya harusi: kufukiza udi, kumwekea mume maji ya kuoga, kulegeza sauti hata kama moyo unachemka. Mengine yalinifaa kweli. Lakini katika mafunzo yote yale mwenye tabia za kusomwa alikuwa mmoja tu, mume. Chuo cha uuguzi nako tulifundishwa kumsoma mgonjwa. Nikatoka hodari wa kusoma watu.

Nikiwa edani nilimfikiria sana Bibi Titi Mohamed. Nyinyi mnamjua kama barabara, "konda, nishushe Bibi Titi." Kabla ya siasa alikuwa mwimbaji wa ngoma hapo Dar es Salaam, katika kikundi cha Bomba. Shule yake ilikuwa ya msingi tu. TANU, chama kilichodai uhuru, ilipotafuta wanawake mwaka 1955, ilimpata mtu ambaye sauti yake ilikuwa inajulikana mjini. Uhuru ulipokuja akawa mbunge na waziri mdogo. Halafu vikaanza kuondoka. Ubunge aliupoteza mwaka 1965. Mwaka 1967 akatoka Kamati Kuu ya chama, hakukubaliana na masharti ya Azimio la Arusha yaliyowakataza viongozi kupangisha nyumba. Mwaka 1969 akakamatwa, ikafuata kesi ya uhaini na hukumu ya kifungo cha maisha, na ndoa nayo ikavunjika humohumo. Nilikuwa mtoto wa shule, nakumbuka wakubwa walivyokuwa wakishusha sauti jina lake likitajwa redioni. Mwaka 1972 akatoka kwa msamaha wa Rais, akaishi kimya miaka mingi, na wakamkumbuka tena hadharani mwaka 1991, Uhuru ulipotimiza miaka 30. Alifariki Novemba 2000.

Watu husema alinyang'anywa kila kitu. Mimi sikubali. Uenyekiti wa wanawake walimpa wao, uwaziri walimpa wao, na waliompa wakachukua. Ile sauti hakupewa na chama, alikwenda nayo. Wanawake walimfuata kwa sababu ya alivyokuwa kwenye ngoma kabla hajawa mheshimiwa wa mtu yeyote.

Langu mimi ni dogo, na utacheka. Ni mpira.

Baba yako redio yake ilikuwa ya taarifa ya habari. Mpira ukianza anaizima. Edani niliiacha iwake kutwa ili nyumba isiwe kimya, na jioni moja nikajikuta nimesimama katikati ya ukumbi, kanga imeniteleza kichwani, nampigia kelele mwamuzi asiyenisikia. Nikaanza kuwajua wachezaji kwa majina. Nilipotoka eda, safari yangu ya kwanza ya hiari ilikuwa uwanja wa Mkwakwani, kuwaona Coastal Union, timu yetu ya Tanga. Walipochukua ubingwa mwaka 1988 nilikuwa zamu, kelele za mtaani zilinikera kwa ajili ya wagonjwa wangu. Leo mimi ndiye kelele.

Siku ile ya kwanza nilikaa na baibui langu karibu na baba mmoja mwenye karanga. Akaniamkia, akaniuliza kwa heshima, "Mama, mwanao anacheza namba ngapi?" Nikamwambia sina mwana uwanjani. Akafikiri kidogo. "Basi mzee yumo kwenye benchi la ufundi?" Nikamwambia nimekuja kutazama mpira. Akanisogezea karanga, tukanyamaza mpaka mapumziko. Kipindi cha pili ndipo nilipomwambia beki wetu wa kushoto akipanda harudi, naye akageuka akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Tangu hapo tunabishana kila mechi ya nyumbani. Simjui anaitwa nani, naye hajui kama nina mtoto.

Sasa wewe. Sikwambii umwache mtoto ukaenda uwanjani, na pia sikuchagulii. Huenda chako ni kulala mchana bila kujieleza kwa mtu. Huenda ni kusoma riwaya za mapelelezi, ulikuwa ukizificha chini ya godoro ukidhani sijui, ingawa kama ya pweza yalivyonitokea, usishangae ukizifungua ukakuta zimekuchosha. Ninachokuomba ni ujijue ungali na majukumu mikononi, usingoje yakutoke kwanza kama mimi. Mtoto mpe mumeo. Yeye ni baba, hakusaidii, analea. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 ilimpa mama siku 84 na baba siku 3. Siku 3! Matanga ndiyo yana siku 3. Hapo sheria ilipombania, nyinyi wenyewe mpanulieni. Mwambie nimesema mimi, mkwe wangu ni msikivu.

Na hili la karatasi. Nasikia unataka kubadili jina la mwisho ufuate la mumeo, kwa kuwa wenzio ofisini wamefanya hivyo. Hakuna sheria inayokulazimisha, na dini yetu inamwacha mtu na jina la baba yake. Cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha chuo, kitambulisho cha taifa, vyote vina jina moja. Ukiligusa utazunguka na viapo mpaka mtoto aanze shule. Mumeo akikuita kwa upendo Mama Fulani, itikia kwa upendo, lakini vyeti viache.

Kiwanja mlichonunua, hati iandikwe majina yote mawili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mke haki ya kumiliki mali sawa na mwanamume, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa. Naushukuru sana uamuzi ule. Ila tazama unaanza kukusaidia lini: ndoa ikishavunjika. Mimi nataka jina lako liandikwe mkiwa mnapendana. Usiache mwezi uishe.

Nimempa konda wa basi la Dodoma mfuko wako. Kuna mafuta ya nazi ya kumkandia mtoto, kanga doti mbili, na dagaa wa Kigoma, kwao baba yako, alioletewa jirani yangu akanigawia. Maji usimpe mtoto, hata wakikwambia Dodoma ni kukavu na koo linamkauka. Ziwa linamtosha mpaka miezi sita, hilo nakwambia kama Sista. Ukija likizo niandikie mapema unataka kula nini, na ukinijibu chochote utakuta jiko limezimwa.

Msalimie mumeo, mbusu mjukuu wangu. Jumapili tunacheza nyumbani saa kumi jioni, kwa hiyo usinipigie kabla ya magharibi, sitapokea.

Mama yako