Wabunge, ripoti ya CAG si ya kugongea meza tu
Mhariri, naomba kanafasi kadogo. Kila Aprili ripoti ya CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, inatua bungeni Dodoma, wabunge wanachachamaa siku mbili tatu, meza zinagongwa weee, halafu kimya, na yule aliyesaini malipo hewa unakuja kusikia kahamishiwa halmashauri nyingine. Huku kwetu zahanati imeishia kwenye lenta, mbuzi ndo wanalala humo. Na msituambie hamna meno, 2008 kamati ya Bunge ya Mwakyembe ilisoma ripoti ya Richmond, ile kampuni ya mkataba tata wa umeme, mpaka Waziri Mkuu Lowassa akajiuzulu, Februari hiyohiyo! Ibara ya 63 ya Katiba inawapa kazi ya kuisimamia serikali, sasa itumieni bana, tunataka majina na tarehe ya kufika mahakamani.

Msomaji wenu, Singida